Korosani za Mama pale Maisaka

Sisi tuliokulia Maisaka wakati Mkoa wa Manyara ungali mpya, msituletee habari za friji. Enzi zetu hapa Babati korosani zilipikwa nyumbani, bila friji wala oveni, na aliyezipika ni mama yangu mzazi.

Ndiyo, korosani, vile vimikate vya Kizungu vya tabaka za siagi, vilivyokunjwa kama mwezi mchanga. Wanangu hunisahihisha, eti "kroasanti", midomo wameibinua. Mama alisema korosani, nami nitasema korosani mpaka nizikwe. Alijifunza kuzipika katika hoteli moja Arusha kabla hajaolewa, kisha akakaa na ujuzi wake kimya miaka yote.

Aliyemchokoza ni Mama Neema. Mumewe alikuwa afisa, walihamia pamoja na ofisi za mkoa, na kila kitu chetu mama huyo alikiona cha kishamba. Jumamosi moja kwenye jumuiya, baada ya sala, akasukuma sahani yake. "Jamani watu wa huku, kila wiki makande tu? Hamjui kingine?"

Wenzake wakachekacheka kwa aibu. Mama hakucheka. "Wiki ijayo tunasali kwangu," akasema. "Mtakula korosani."

Alhamisi akajaribu. Akakandia unga jikoni, karibu na mafiga, siagi ikayeyuka yote ikachuruzika. Tulipata vitu vizito vinavyong'aa mafuta, hata kuku walivisusa. Mama akaketi kwenye kigoda akalia. Sikuwahi kumwona akililia chakula, nikaogopa sana. Kisha akajifuta kwa kanga. "Huyu mama hanijui vizuri."

Ijumaa alfajiri tulikuwa uani. Ilikuwa Juni, na baridi ya Juni ya Babati mnaijua, pumzi inatoka mdomoni kama moshi. Siagi ilitoka kwa mama mmoja wa Sigino aliyesuka maziwa kwenye kibuyu. Mama akaiosha kwa maji ya baridi mpaka ikakaza. Akasukuma donge kwa chupa ya soda, akatandaza siagi, akakunja mara tatu, akafunika, akaliweka juu ya beseni la maji. Tukangoja. Akarudia, na akarudia tena. Kabla sijagusa chochote alichukua mikono yangu akaiweka shavuni kwake. Ikiwa na joto, alinifukuza: "Kailoweke kwanza!" Vidole viliniuma hadi machozi, na nilikuwa na raha isiyo na kifani.

Jumamosi asubuhi akazioka kwenye sufuria kubwa lenye mchanga, mkaa chini na mkaa juu ya mfuniko. Harufu ikafika barabarani. Watu waliimba wimbo wa mwisho haraka haraka, nyinyi wenyewe mnajua kwa nini.

Sahani ikaletwa. Mama Neema akanyoosha mkono, lakini Mama akamtangulia, akachukua ya kwanza yeye mwenyewe. Mwenyeji kula kabla ya wageni! Wanawake wakatazamana.

"Mniwie radhi," Mama akasema. "Kule hotelini nimezipika miaka minne na sikuonja hata moja. Zilikuwa za wageni. Leo naanza mimi."

Akatafuna polepole, makombo yakimdondokea kifuani. "Kumbe ni tamu hivi!" akasema, na macho yakamjaa machozi.

Ndipo sahani ikazunguka. Mama Neema akaivunja yake, akachungulia ndani, akaipekua tabaka kwa tabaka. "Sasa korosho ziko wapi?"

Jamani! Nyumba nzima ililipuka kwa kicheko. Naye, sina budi kumsifu, alicheka kuliko wote, akala tatu.

Siku hizi korosani zinauzwa mjini ndani ya mifuko ya plastiki, laini kama sponji. Binti yangu hununua, akazipanga mezani, akazipiga picha, kisha anaondoka kuwahi kazini bila kuonja. Anasema za kwangu ni kazi ya siku mbili, kujitesa bure. Sawa, mwanangu. Mimi kila Juni natoka uani alfajiri, mikono imekufa ganzi, nakunja na kukunja. Zikiiva siwangoji wageni wala simu ya mtu. Navuta kiti changu, nakula ya kwanza ikiwa ya moto.