Nilimwambia RAM ni mbovu, na haikuwa mbovu

Admin, ukiiweka hii usitaje jina langu wala shule niliyosoma, maana watu wa kanisa letu wako humu. Mimi ni msichana wa miaka kumi na nane. Nilimaliza Form Four na bado niko nyumbani, upande wa Rongai. Tuko wawili tu, mimi na baba. Baba anaendesha lori la mahindi na akitoka anaweza kukaa siku nne. Akirudi anauliza kama ng'ombe amekamuliwa, anakula, analala. Si mtu mbaya. Ni vile sisi wote hatujui kuongea.

Kwa miezi kadhaa nimekuwa nikijiundia kompyuta. Nilijifunza kwa simu, nikafanya vibarua vya kuvuna viazi, na nikawa nanunua kipande kimoja kimoja, vya mitumba, kwa duka la mama mmoja Nakuru mjini. Nitamwita Mathe, kwa sababu ndivyo wateja wote humwita. Ukinunua kitu kwake anakitest mbele yako kwanza. Analaza bodi kuu ya kompyuta juu ya katoni, anagusisha pini mbili kwa bisibisi ili iwake, na feni ikizunguka anakuwekea alama ndogo ya rangi ya kucha kwa kile kipande, ili usije ukamrudishia cha mtu mwingine. Ukipata shida una siku saba za kurudisha.

RAM yangu ya kwanza, ule ukanda mwembamba wa kumbukumbu, ilikataa nilipofika nyumbani. Nilirudi nikijua nitafokewa. Mathe akaichomeka kwa bodi yake na ikawaka papo hapo. Alicheka mpaka akaketi. "Wewe haukubonyeza. Uliogopa kuiumiza? Hii si yai. Bonyeza mpaka usikie ikikubali." Akanivutia stuli, akanimiminia chai kwa kifuniko cha thamosi, akanifanya niichomoe na kuirudisha kama mara kumi. Kila mteja aliyeingia aliambiwa, "Salimia injinia wangu wa Rongai." Siku hiyo niliongea kuliko mwezi mzima. Hata nilicheka, na nikashtuka kusikia sauti yangu.

Basi RAM ndiyo ilikuwa kipande cha mwisho, na kompyuta ikakamilika. Nilipobonyeza iwake, ikawaka bila shida yoyote. Mngedhani nitafurahi. Nilikaa pale mezani nikiangalia skrini, nikagundua sina wa kumwambia. Baba alikuwa safarini. Tena sikuwa na sababu nyingine ya kwenda kwa Mathe. Mimi siwezi kuingia tu kwa duka la mtu nikasema nimekuja kukujulia hali. Wengine mnaweza. Mimi nikifika mlangoni lazima niwe nimeletwa na kitu.

Kwa hivyo niliichomoa ile RAM, nzima kabisa, nikampelekea. Nikasema inafanya kazi lisaa limoja halafu kompyuta inaganda. Shida hiyo niliichagua makusudi, kwa sababu duka likijaa watu Mathe hawezi kukaa lisaa limoja akingoja kuona kama ni kweli. Hakuniuliza mara mbili. "Pole injinia, chukua ingine." Na chai juu. Jumamosi iliyofuata nikarudisha hiyo nayo. Halafu ya tatu. Nikiandika hapa naona vile inakaa ujinga, lakini wakati huo niliona ni kitu kidogo, kama kuomba chumvi kwa jirani na unayo nyumbani.

Sikufikiria zile ninazorudisha zinaenda wapi. Kumbe zote tatu zilitoka kwa boksi moja, na Mathe akaamua boksi zima ni bovu. Akamrudishia yule jamaa anayemletea mali kutoka Nairobi. Huyo jamaa akazitest zote, akasema ziko sawa, na kwamba Mathe anatafuta tu njia ya kumrudishia vitu vilivyokosa wanunuzi. Hawa ni watu wametoka mbali pamoja. Mathe alishaniambia kwamba bwanake alipokufa, watu wengine wote walimkimbia, na ni huyo jamaa aliyeendelea kumletea mali. Sasa wanaongea kama watu wa kesi.

Jumamosi iliyopita nilikuwa hapo kwa stuli wakati alimpigia simu, akaweka spika.

"Mathe, mteja wako anakudanganya," jamaa akasema.

"Nani, huyu? Huyu msichana kusema tu jina lake ilimchukua wiki mbili. Uongo atautoa wapi?"

"Basi nitakuja nimsikie mwenyewe."

"Kuja Jumamosi. Ulete na hiyo kiburi yako, nitaiwekea chai."

Alikata simu, akanigeukia na sauti ikashuka. "Usiogope, sawa? Utamwelezea tu vile uliitest, pole pole. Mimi nitakuwa kando yako."

Nikaitikia kwa kichwa. Hapo ndipo ningesema ukweli. Hakukuwa na mteja, redio ilikuwa imezimwa, na mimi nikaitikia kwa kichwa.

Leo ni Jumatano. Nikinyamaza, hawa wawili wataachana kwa sababu yangu, na Mathe ataendelea kunitetea, kitu ambacho siwezi kuvumilia. Nikisema mbele ya jamaa, nitamwaibisha mtu aliyesimama na mimi. Nimeamua afadhali niende Ijumaa, akiwa peke yake. Najua nikishasema watapatana. Mimi ndiye sitakuwa na mahali pa kukaa Jumamosi, na sijui kama nina haki hata ya kulilia hilo.

Sasa nishaurini, ninyi ambao mnajua kuongea na watu. Siulizi kama niseme, hilo nimeshalikubali. Nimesimama mbele ya kioo tangu asubuhi nikijaribu na hakuna kinachotoka. Nikishaingia na kumsalimia, na yeye aniangalie akitabasamu, neno la kwanza niseme lipi?