Mguu Mmoja, Vibao Viwili

Msomaji, umewahi kuona mguu mmoja ukisafiri mara mbili? Juzi, nilipokuwa katika kliniki moja ya Bwera, mpakani mwa Uganda na Kongo, mama mfanyabiashara kutoka Butembo alinyoosha mguu wenye kidonda mbele ya kamera mbili za nesi. Daktari alikuwa Kasese, akisubiri kuona kama kidonda kimefika mfupani.

"Rangi naiona," daktari alisema kwenye simu. "Picha ya kina bado haijafika. Sister, network!"

"Muguu yangu iko moja," mama akafoka. "Juu ya nini munaituma mara mbili?"

Nesi akaonyesha vibao viwili vya miradi ukutani. Mradi mmoja ulileta kamera ya rangi, mwingine kamera ya kina, na kila mmoja unataka video yake itumwe peke yake.

Banange, jamani! Hayo ndiyo niliyosomea, kubana video, kabla sijawa graduate wa kukaa nyumbani. Rangi inapobadilika, hapo ndipo kidonda kinapoanza kuzama. Zifunge video hizo pamoja, moja isaidie nyingine, na mzigo utapungua hadi network yetu iuweze. Lakini mradi gani utakubali kushiriki kibao kimoja na mwenzake?

Nilipoondoka, mama alikuwa bado ameuinua mguu. Wakubwa wa miradi, utumeni mara moja, leo, kabla haujakatwa.