Shimo la Vidole Viwili

Daktari wa Kisii mjini alisema wazi: vidole viwili vya mguu wa kushoto wa baba vimekufa kwa sababu ya kisukari, vikatwe wiki hii, mguu upone. Mimi nikasema tusubiri. Nafundisha baiolojia shule moja karibu na Keroka, na mtu akijua kidogo huwa hashikiki.

Nilikuwa nimesoma kuhusu eksosomu. Ni vifuko vidogo mno, havionekani hata kwa darubini yetu ya shule, vinavyotolewa na seli shina za mafuta ya mwili, na vinabeba ujumbe wa kuziambia seli nyingine zijitengeneze. Vidonda vya panya wenye kisukari vilifunga upesi. Panya! Neno hilo nililiruka kila nilipomsomea baba.

Sikutulia. Nilipiga simu Nairobi kati ya vipindi, nikawaandikia watafiti wa ng'ambo, nikawafokea wanafunzi bure. Wote niliowauliza walinipa jibu moja: bado ni utafiti, mwache daktari afanye kazi yake. Nikawaona wavivu.

"Mwalimu, hiyo dawa yako inatoka kwa mafuta ya nani?" baba aliniuliza nyumbani Birongo, ameuweka mguu juu ya kiti.

"Hata yangu yanaweza."

Alinitazama kitambi akacheka. "Hiyo iko ya kutosha ukoo mzima. Lakini inakuja lini?"

"Karibuni."

Hakubisha. Alinisomesha kwa kuchuma majani chai. Angebishana vipi na shule aliyoilipia mwenyewe? Siku ya kumi na moja tangu tutoke kwa daktari, harufu ilinipokea kabla sijafika mlangoni. Nilijua maana yake, na niliogopa.

Walikata chini ya goti.

Kwetu kiungo cha mtu hakiachwi hospitalini, kinarudi kuzikwa nyumbani. Niliuleta mguu umefungwa kwa shuka, nikampigia baba wodini kumuuliza nichimbe wapi.

"Kwa migomba, nyuma ya jiko. Nilishachimba."

Nilikuta shimo la upana wa bakuli, udongo wake umekauka, nyasi zimeanza kuchipua pembeni. Mama akasema baba alilichimba jioni ile tulipotoka kwa daktari, la vidole viwili, huku mimi niko ndani na simu yangu, nasoma. Nililia kwa hasira, na hasira yote ilikuwa juu yangu. Kisha nikachukua jembe nikaanza kulipanua.