Mahali pa Heshima Kwenye Uwanja wa Matairi

Kazi yangu ya mshahara ni kuendesha gari la wageni katika hoteli moja ya Diani. Kazi ya moyo wangu ni ya Jumapili: kuchoma matairi. Kwa asiyeujua mchezo huo, gari linazuiwa kwa breki za mbele, magurudumu ya nyuma yanaachiwa yazunguke kwa kasi juu ya saruji mpaka mpira uungue na moshi ufunike kila kitu. Majaji wanatazama moshi, wanatazama dereva anavyolitawala gari lake, na mwisho wanatazama kama matairi yamepasuka. Tairi likipasuka, vigelegele vinapigwa na alama zinaongezeka.

Mimi ni dereva mzuri, na nasema hivyo bila haya. Nilikuwa mwanamke pekee kwenye orodha, ushungi nimeufunga nyuma ya shingo chini ya helmeti, na wanaume waliokuja kucheka walirudi kuniuliza nimelifanya nini giaboksi langu. Jibu ni kwamba nilikuwa nimeliua. Niliua magiaboksi matatu na klachi zisizo na hesabu, na kila nilichokipata hotelini kiliishia kwa fundi wangu wa Ukunda. Sikujuta. Wenzangu wengine walinunua dhahabu, mimi nilinunua moshi.

Mama yangu hukaa Kibuyuni na hulima mwani. Habari za mchezo wangu alizipata kwa watu, si kwangu, na siku moja alinipigia simu akasema, "Nakuja kuona. Nimechoka kuelezwa habari za mtoto wangu na majirani."

Alikuja amevaa leso mpya. Uwanja wetu siku zile ulikuwa sakafu ya saruji ya ghala lililobomolewa, upande wa Msambweni. Mwandalizi wetu, kijana kutoka bara aliyekuwa akiuza vipuri vya magari, alimpokea kwa adabu zote. "Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Nisimame wapi?"

"Mbele kabisa! Mpisheni mama wa dereva!"

Wakampisha. Akasimama mstari wa kwanza, nyuma ya kamba ya nailoni iliyofungwa kwenye vigingi. Nilimwona nikiingia uwanjani, akanipungia mkono, nami nikampigia honi. Nilifurahi sana kwamba amepewa mahali pa heshima.

Zamu yangu ilianza vizuri. Nililigeuza gari kwa mkia wake, nikalirudisha, nikaliacha liungurume pale pale mpaka moshi ukaingia ndani na sikuona tena boneti yangu. Kisha tairi la kushoto likapasuka. Nilisikia kishindo, halafu mlio kama wa mtu anayepiga bati kwa bomba. Ulikuwa ukanda wa tairi, mpira mzito wenye nyaya za chuma ndani yake, ukiipiga mudigadi, lile bati la juu ya tairi, kila gurudumu lilipozunguka. Kijana wa bendera akapeperusha ile nyekundu, nikazima gari, nikafungua mkanda, nikatoka, kama nilivyojifunza. Nilikuwa mzima. Niliinua mikono juu kupokea vigelegele, na vigelegele havikuja.

Watu walikuwa wameinama. Ule ukanda ulikatika ukaruka juu ya kamba. Mama aliinua mkono kuukinga uso, na ukanda ukampiga mkono. Asingeuinua, ungempiga machoni.

Hapakuwa na gari la wagonjwa. Langu lilikuwa limekalia rimu, kwa hiyo nilichukua ufunguo wa dereva mwenzangu, tukamweka mama kiti cha nyuma, leso yake mpya tumeizungushia jeraha. Lango la kutokea lilikuwa limezibwa na magari ya watazamaji. Nilipiga honi, nikapiga kelele, watu wakaanza kutafutana nani mwenye gari gani, na sisi tukangoja mle ndani damu ikidondoka kwenye kiti. Njia ilipofunguka niliendesha kama mwendawazimu.

"Mwanangu," mama akasema nyuma yangu, "taratibu. Mkono umevunjika, haujakatika."

Hospitali walimshona, wakamfunga plasta kutoka kiganjani mpaka juu ya kiwiko. Nilikaa kando ya kitanda, nikinuka mpira, nikingoja anikataze mchezo. Nilikuwa nimejiandaa kukubali. Yeye akauliza, "Yule kijana wa bendera alivaa nini kichwani?"

"Helmeti, mama."

"Na wewe?"

"Helmeti."

"Na mimi?"

Nikamvutia shuka mpaka kifuani.

Tulichokuwa hatujakifikiria ni mwani. Bamvua lilikuwa karibu, maji yangekupwa mbali, na kamba anazofungia mwani baharini zilikuwa zimejaa, tayari kuvunwa. Ukichelewa, mwani huoza au huchukuliwa na mawimbi. Nikaomba likizo yangu yote ya mwaka, nikahamia Kibuyuni.

Nilidhani nina nguvu. Nimekamata usukani unaopigana nami kama ng'ombe, lakini kushinda ndani ya maji ya mapajani, mgongo umeinama, unafungua vifundo vilivyovimba kwa chumvi, ni jambo jingine. Wanawake wa pale walinicheka bila kujificha. "Dereva! Hapo hakuna breki!" Mama alisimama ufukweni na plasta yake imefungwa mfuko wa plastiki, akinielekeza kwa mkono mzima. Nilivuna, nikaanika, nikafunga mbegu mpya. Vidole vilichubuka. Mwani wa msimu ule ulitoka, mdogo kuliko kawaida, lakini ulitoka.

Kule majini ndiko nilikoamua. Sikuamua kuacha. Niliamua kwamba sitaingia tena uwanjani wakati watu wametengwa na gari kwa kamba ya nailoni, na kwamba nitalisema hilo mbele ya wote.

Nilirudi Ukunda nikawakuta mwandalizi na madereva kwenye duka lake la vipuri. Nikawaeleza ninachotaka: uwanja wenye ukuta, watazamaji juu na mbali, njia moja ya kutokea isiyoegeshwa gari la mtu yeyote, na mtu wa huduma ya kwanza.

"Sista, bana," mwandalizi akasema, "watu wanalipia kuona moshi karibu. Ukiwaweka mbali, nani atakuja?"

"Mama yangu aliona karibu."

"Pole sana kwa mama, kweli. Lakini ile ilikuwa bahati mbaya."

"Tairi likipasuka dereva anapewa alama," nikamwambia. "Tunakaa tunalingoja lipasuke. Likishapasuka, mpira lazima uende mahali. Bahati mbaya iko wapi hapo?"

Yule dereva aliyenipa ufunguo siku ile akasema kwamba yeye pia hataingia. Kiti chake cha nyuma, akasema, kilikuwa bado na doa. Akafuata mwingine. Mwandalizi alitutazama mmoja mmoja, akaona kwamba bila sisi hana mashindano, akacheka kidogo akasema, "Sawa. Mtafute uwanja basi."

Tuliupata: machimbo ya mawe yasiyotumika tena, kuta zake zimekatwa wima, watu wakikaa juu kama ukumbini. Kwa fedha zetu tulimwaga saruji chini. Kiingilio kilipanda na watu wakapungua, na wapo wanaotulaumu mpaka leo kwamba tumeuua mchezo. Mimi niliingia siku ya kwanza. Gari lililonitangulia lilipasua matairi yote mawili, ukanda mmoja ukaruka ukagonga ukuta wa mawe na kuanguka. Dereva wake alitoka akiruka kwa furaha. Mimi nilitazama alama ambayo ule mpira uliiacha ukutani, usawa wa kifua cha mtu.

Nilimaliza wa pili. Jioni niliendesha gari la kazini mpaka Kibuyuni. Mama alikuwa jikoni, akikoroga mchuzi kwa mkono ule ule, ambao hadi sasa haunyooki wote.

"Umekuwa wa ngapi?"

"Wa pili."

"Na watu?"

"Wazima wote, alhamdulillahi."

Akapakua wali, akanisogezea sahani yangu, kisha akaanza kunieleza habari za arusi ya jirani.