Kikombe Chenye Rangi ya Kucha

Juzi nilipita Mwihoko na binti yangu Shiro tukitafuta sanduku la chuma. Anaenda bweni, kidato cha kwanza, na mimi ndiye ninayetetemeka, si yeye. Tulitoka Ngoingwa asubuhi kwa sababu siamini masanduku ya fundi mwingine ila yule wa Mwihoko. Basi tukapita pale tulipokuwa tunaishi. Ploti yetu ya mabati haipo tena! Kumesimama ghorofa lenye vigae vinavyong'aa, na pale palipokuwa na bomba la kufulia mtu ameegesha gari.

Ungeijua hiyo ploti, rafiki yangu, ungeipenda. Vyumba vimetazamana, kamba za nguo katikati, na kila redio inapiga kelele yake. Jumamosi tulifua sote isipokuwa mama mmoja, na huyo zamu yake ilikuwa kupikia watoto wote uji. Uji wa wimbi, mzito, umekamuliwa ndimu. Vikombe vilikuwa vya bati, vyote sawa, vikizunguka kutoka mkono huu hadi ule bila kuoshwa mpaka uji uishe. Nikifumba macho bado nawasikia wakiupuliza.

Shiro alikuwa bado mdogo, wa kubebwa mgongoni akichoka, alipoanguka kwenye foleni ya uji. Macho yalipinduka, mwili ukakakamaa, kisha ukaanza kurukaruka, povu mdomoni. Jirani yangu, Mama Pacha, alikuja mbio na kijiko, "Mwekee kwa meno! Mwekee kwa meno!" Wengine walikuwa wanavuta watoto wao, "Msiguse hayo mate!" Kijiko kilimpasua mdomo. Mimi nilikuwa napiga nduru tu nikimwita Mungu, Ngai, Ngai.

Hospitalini Thika, daktari alisema ni kifafa. Alinipa dawa ya maji, asubuhi na jioni, akanieleza pole pole: akianguka mlaze ubavu, weka kitu laini chini ya kichwa, usimshikilie kwa nguvu, usimtie kitu mdomoni, na akikawia kutulia, mlete mbio. Mate hayaambukizi mtu. Mwisho akasema, "Na mwache acheze." Hiyo ndiyo niliona ngumu kuliko zote.

Jumamosi iliyofuata, Shiro alinijia akiruka. "Mum, yangu iko na rangi!" Kikombe chake kilikuwa kimepakwa rangi nyekundu ya kucha kwenye kitako. Maskini, alidhani ni zawadi. Niliingia ndani nikalia juu ya karai la nguo mpaka pua ikaziba. Kuanguka kwake kulinitisha, ndiyo, lakini kilichoniua moyo ni kwamba mtoto wangu atakua akinywa peke yake.

Kisha Cucu akaja, nyanya yake Shiro, mama yangu mzazi, kutoka Theta, na mkungu wa ndizi begani. Hakukaa hata kidogo, akaona kile kikombe. Akakigeuza.

"Na hii rangi ni ya nini?"

Nguo ziliacha kusuguliwa. Cucu alingoja Shiro anywe hadi nusu, akakichukua, akanywa kwa sauti, tena bila haraka, kisha akamnyooshea Mama Pacha, ambaye siku hiyo ndiye aliyepika.

"Haya, onja. Ama uji wako mwenyewe haukupendezi?"

Mama Pacha alikitazama kikombe. Kabla hajajibu, mmoja wa wale pacha wake alikinyakua, akakimaliza chote, akapangusa mdomo na kuuliza kama kuna ingine. Tulicheka mpaka Mama Pacha akajifunika uso na leso.

"Haki Cucu, umenimaliza." Halafu akanigeukia. "Mama Shiro, ebu tuambie sote. Daktari alisema tufanye nini?"

Nikawaambia. Watu wazima walisikiliza, lakini watoto ndio walioshika. Walifanya mchezo! Mmoja anaanguka, mwingine analeta sweta, wengine wanapaza sauti, "Ubavu! Ubavu!" Walipigania kuwa yule wa kuanguka. Mwalimu alikuwa Shiro mwenyewe, mkali kweli. "Wee! Hakuna kijiko!"

Basi siku alipoanguka tena, nilikuwa nimetoka kununua sabuni. Nilisikia kelele nikakimbia. Nikampata amelala ubavu, sweta zimerundikwa chini ya kichwa chake, na wale pacha wamenyoosha mikono kuzuia watu wazima. "Hakuna kumguza! Tunangoja!" Tukangoja. Shiro akafungua macho, akatazama huku na huku, akaitisha uji. Nilicheza pale pale, sikudanganyi, na sabuni mkononi.

Dawa aliinywa miaka mingi, daktari akaipunguza, mwishowe akaiondoa. Hajaanguka tena. Tulishinda, wacha niseme tu.

Siku tunahamia Ngoingwa, kina mama walisema nibebe kikombe cha Shiro. Tuligeuza vikombe vyote, kimoja kimoja. Kila Jumamosi vilikuwa vikisuguliwa kwa waya na jivu, na rangi ilikuwa imekwisha kabisa. Hakuna aliyejua chake ni kipi. Nikachukua kimoja tu.

Jana Shiro alikuwa anakipanga kikombe hicho ndani ya sanduku jipya. Nikamuuliza kama ana hakika hicho ni chake.

"Si changu, mum," akasema. "Ni cha ploti."