Taa ya airbag mu gari ya Paluku: tulitafuta chini ya kiti, kumbe haikuwa kule

Nyinyi vijana wa humu, wenye kujua magari kuliko mimi, na nyinyi wakuu wenye kusoma bila kusema kitu, jambo kwenu wote.

Niko mama muzee. Wajukuu wananiita Koko, na nyinyi muniite vile.

Ninawaelezea kitu yenye ilinifikia mu parseli yangu mwenyewe, kiwanja ya nyumba yangu. Siongeze kitu. Pahali sijui, nitasema sijui. Masomo yangu iliishia ku primere, basi musitafute makosa ya kuandika. Mutafute ile ya gari.

Ninakaa karibu na Mubambiro, ku barabara ya Goma, si mbali na kambi ya maaskari. Sisi ni watu wa Butembo, lakini bwana wangu alifungua duka huku, njo tukabaki. Yeye alikufa mbele ya hii vita. Ninamushukuru Mungu juu ya ile.

Paluku njo mutoto wangu mwanaume, mumoja tu. Kazi yake ni kupeleka bidhaa Walikale: sabuni, chumvi, nguo. Anarudi na mafuta ya ngazi, ile ya mawese.

Sasa, ile gari.

Alinunua ku Goma kwa muntu mwenye alikuwa anahama. Gari ya mbio, ya zamani kidogo, nyekundu, milango mbili, chini kabisa. Kuku ikitaka kupita chini yake lazima iiname.

Nilimuuliza: "Paluku, barabara ya Masisi iko na matope ya kufika ku magoti. Hii utapeleka wapi?"

"Ku misa, Mama."

"Na kisha misa?"

"Kurudi."

Vile njo ilikuwa. Ilipita tu pahali kuko lami. Siku ya Mungu alinipakiza, waaskari ku barabara wakimupigia makofi, na mimi na kitambaa changu ku kichwa nimekaa karibu na udongo kama muntu anafukuzwa.

Siku moja alinionyesha tablo, pale mbele ya usukani. Akasema: "Mama, ukigeuza funguo, taa zote zinawaka. Gari inajiuliza kama kila kitu iko. Kisha zinazimika, moja moja. Yenye inabaki, ile njo iko na kitu ya kukuambia."

Kati yazo kuko moja iko na picha ya muntu amekaa, na mupira mbele ya kifua. Ile njo ya airbag, mufuko yenye kufunguka wakati ya kugongana. Ikibaki inawaka, siku ya kugongana mufuko inaweza kukataa kufunguka.

Basi Paluku akapanda kamio, lori ya mizigo, ya kwenda Walikale, na funguo akaacha mu mukono yangu.

"Mama, kila siku ya Mungu kisha misa, uwashe. Uache izunguke kidogo, uzime. Motere ikilala sana inakufa."

Nikasema sawa.

Kisha ile, vita ikarudi ku milima. Barabara ya Walikale ikafungwa. Antene za telefone zikanyamaza. Mara ya mwisho alinipigia alisema yuko muzima, anangojea kamio tu. Nilisikia watu wanacheka nyuma yake. Kisha line ikakatika.

Hakupiga tena.

Wakati ile nyumba yangu ilijaa. Mama Bahati alifika kutoka Muheto na watoto wake, maharagwe yao imebaki mu shamba bila kuvunwa. Nilimupa chumba ya mbele. Mujukuu wangu Kavira, mutoto wa binti yangu marehemu, alikuwa tayari na mimi. Watu wanapika, wanagombana juu ya ndoo, watoto wanalia. Lakini munaweza kujua vile nyumba inajaa na wewe masikio yako inangojea sauti moja tu.

Siku ya Mungu ilikuwa ya kwangu. Ninatoka ku misa, ninaingia mu gari peke yangu, ninafunga mulango. Ninageuza funguo. Taa zote zinawaka, kisha zinazimika, moja moja, vile alisema.

Ninasema muzuri, uko sawa. Sijui nilikuwa nasema na nani.

Mujue pia hii: kiti ya shoferi ilikuwa nyuma sana. Paluku iko na miguu murefu, na mimi niko mufupi. Kufika ku pedali lazima niteleze mpaka mugongo inaacha kiti.

Kavira alikuwa ananicheka ku dirisha. "Koko, vuta kiti mbele! Utapotea chini ya usukani, tutakutafuta!"

"Wacha."

"Iko na chuma hapa chini, unanyanyua tu."

"Kavira. Nimesema wacha."

Sikumuambia juu ya nini. Nyinyi ninawaambia: ile nafasi kati ya kiti na usukani, njo mwili wake. Hakuna muntu aliigusa tangu yeye kutoka pale.

Sasa sikilizeni desturi ya mutaa wetu.

Huku, gari haiwezi kulala na batri yake. Jioni kila mwenye gari ao moto, ile pikipiki, anafungua, anabeba batri, anaiingiza mu nyumba. Ukiiacha, asubuhi unakuta waya tu. Hakuna muntu anashangaa. Wengine wanaiweka chini ya kitanda.

Na kama iko mu nyumba, itakaa bure? Unafunga taa ndogo kwayo, watoto wanaona pahali wanakula. Unaweka telefone ku sharje. Jirani naye anabisha: "Mama, nisaidie kidogo, yangu imekufa." Utamukatalia, na yeye anangojea bwana wake mwenye alibaki ku milima?

Basi batri ya Paluku ilikuwa inalala kwangu. Mimi njo nilitaka, kwa sababu ya telefone yangu. Telefone haikuwa na ruhusa ya kuzima. Kama angepiga mara moja tu, na mimi nimezima, ningejisamehe namna gani?

Siku moja ya Mungu Kavira akarudisha batri mu gari kama kawaida, nikageuza funguo. Taa zikawaka. Zikazimika.

Moja ikabaki.

Ile ya muntu na mupira mbele ya kifua.

Nilizima, nikawasha. Inabaki. Nilingojea kidogo, nikawasha tena. Inabaki tu, nyekundu, inaniangalia.

Vijana, mimi sikuogopa taa. Niliogopa kitu mbili. Ya kwanza: Paluku arudi, akamate ile mbio yake mpaka Goma, agonge kamio, na mufuko ikatae kufunguka. Ya pili: arudi aone kitu moja tu aliniachia kulinda, nimeiharibu.

Nikamuita Jules. Jules ni fundi wa Sake. Anatengeneza sana moto na kamio, lakini mukono yake iko safi.

Alitazama, akasema: "Koko, hii ni rahisi. Ninafungua tablo, ninatoa ampule, ile balbu ndogo. Taa imekufa, umelala."

"Na ugonjwa?"

"Ugonjwa hautauona tena."

"Mutoto wako akilia na homa utamushona kinywa?"

Akacheka, akaona mimi sicheki, akaacha. "Basi Koko, ya kweli ni hii. Gari kama hizi, mara mingi ni waya ya rangi ya njano chini ya kiti ya shoferi. Kuko fishi, waya mbili zinashikana pale. Inalegea, inaingia vumbi, taa inawaka. Nasukuma kiti, natazama, nasafisha, na ni mwisho."

"Unasukuma kiti?"

"Kidogo tu."

"Hapana."

"Koko, mukono yangu haipite bila kusukuma."

"Nimesema hapana. Rudi kwako."

Akarudi kwake. Njiani alimuambia Mama Bahati kama mimi nimechoka ku kichwa. Mama Bahati akaniletea ile maneno na chai.

Majuma ikapita. Kila siku ya Mungu ile taa inabaki. Milio ilikuwa inasikika ku upande wa Masisi, watu wanapita na magodoro ku kichwa, na mimi ninagombana na kiti. Nilikuwa najiambia: kama nikisukuma, nimekubali harudi. Kama sisukumi, arudi afe ndani ya gari. Sikuwa na muntu wa kuuliza. Mwenye ningeuliza ni yeye.

Mwisho nikamutuma Kavira amuite Jules.

Hapa mushike hii, nyinyi wenye kugusa-gusa. Jules hakugusa waya ya njano mara moja. Alitoa kwanza batri, akaiingiza mu nyumba, akakaa ku kibaraza, akaomba chai. Nikamuuliza juu ya nini anakaa. Akasema airbag iko na baruti ndani, na umeme inabaki kidogo hata kisha kutoa batri. Ukikimbilia, inakulipukia ku uso. Tukangojea.

Kisha akasukuma kiti mbele. Ilitoa sauti kama jino inang'oka.

Mimi nilikuwa nimesimama ku mulango. Chini mule kulikuwa maganda ya karanga. Paluku anapenda karanga, anakula akiendesha, na kila siku nilimukaripia juu ya ile. Jules akataka kupangusa. Nikamushika mukono.

Akashuka na toshi. Akatazama ile fishi, akaifungua, akaifunga.

"Jules?"

"Koko... iko safi. Imekaza vizuri. Haiko hapa."

Niliingia mu nyumba. Nilikaa ku kitanda, na ile batri pale karibu ya muguu yangu, na telefone yangu juu yake. Nilikuwa nimetoa nafasi ya mutoto wangu bure.

Jules aliona haya, hiyo ninamupa. Barabara ya Goma ilikuwa imefungwa, akangojea ifunguke, akaenda, akarudi na mashini ya kuazima, ndogo kama redio, wanaiita valisi. Unaichomeka chini ya usukani, na gari inasema ugonjwa yake na namba.

Akaomba batri. Kavira akaileta, na waya za telefone bado zinaninginia, zile za jirani na za wageni, kama mbuzi ya kunyonyesha.

Jules akaitazama ile batri. Akanitazama.

"Koko, hii inalala wapi?"

"Mu nyumba. Kama ya kila muntu."

"Na hizi zote zinanyonya hapa?"

"Kila jioni."

Akachomeka mashini. Akasoma. Akaanza kucheka polepole, kisha akaacha.

Ile namba ilisema umeme ni kidogo. Ni ile tu. Waya nzima, fishi nzima, mufuko muzima. Batri ilikuwa inachoka na telefone usiku, na asubuhi ya siku ya Mungu ninapowasha, nguvu inaanguka. Kompyuta ya airbag inaona nguvu imeanguka, inaandika kosa, inawasha taa. Na ikiisha kuandika, mu gari hii haifute yenyewe. Hata ukiweka batri mupya, taa inabaki mpaka valisi ifute.

Jules mwenyewe akasema: "Na yangu inalala mu nyumba pia. Njo maana sikufikiri kule."

Kisha akasema yenye ilinikata: "Koko, batri moja haiwezi kuwa ya gari na ya telefone. Uchague."

Mama Bahati akasema: "Telefone, Mama. Mutoto anapiga ku telefone, hapigi ku gari."

Alikuwa na haki. Na Paluku aliniomba gari, hakuniomba telefone. Nilisimama pale mu parseli, wote wananitazama.

Nikachagua gari. Telefone itaenda muchana ku duka ya jirani yetu Munande, mwenye sola, na saa zile haitakuwa na mimi. Zile saa ni nzito, sitawadanganya. Ninauza sambaza, dagaa za Shasha, na mukono inaingia mu mufuko ya kitenge kuitafuta, haiko.

Ile ya zamani Jules aliitoa ku Goma juu ya kupunguza bei, na batri mupya ikafika. Jules akafunga kapo, ile mufuniko ya motere, na munyororo na kufuli, akaweka valisi, akafuta ile kosa. Nikageuza funguo. Zikawaka zote. Zikazimika moja moja. Ile ya airbag ilikuwa ya mwisho. Ilikawia. Ikazimika.

Kisha nikamuambia arudishe kiti.

"Koko, sasa unafika ku pedali vizuri, acha..."

"Rudisha."

"Nitajua wapi?"

Nikamuonyesha. Ku reli chini kulikuwa pahali vumbi ilisimama na pahali chuma ilibaki safi. Akavuta polepole mpaka ikaingia pale. Ikalia. Nikapanda, muguu yangu ikakosa pedali kama zamani.

Nyinyi vijana, yenye nilijifunza ni hii: taa ya airbag ikiwaka, musikate waya na musitoe ampule. Mupime kwanza batri, na mujiulize inalala wapi. Chini ya kiti mutafute kisha. Mwenye alipata hii kwa gari yake, aandike hapa chini, nitasoma. Na kama kuna muntu iko Walikale, ao alipita kule, na aliona mwanaume murefu mwenye kula karanga, huyo aandike mbele ya wengine wote.

Paluku hajapiga bado.

Ile jioni niliwaita wote ku kibaraza, Kavira, Mama Bahati na watoto wake, nikawapa amri, na leo inashika vile niliisema: "Batri haitoke mu gari. Kiti ya shoferi, muntu asiisukume. Telefone yangu ikiwa ku duka, mumoja wenu akae karibu yayo, asitoke hata kwa maji. Ikiita, ajibu, hata namba haijui. Amuambie Koko iko, gari inawaka, taa zote zinazimika, na kiti iko pahali aliiacha."