Mageni na Simu Iliyofungwa Uingereza

SEGESE. Saa moja asubuhi, Mageni Luhende ameshaketi chini ya turubai, miguu ameinyoosha, jiwe pana likiwa katikati ya magoti yake. Anaweka kipande cha mwamba juu ya jiwe hilo, anakipiga kwa nyundo hadi kinakuwa kokoto, kisha anazitia kokoto kwenye kinu cha chuma na kuzitwanga mpaka zinalainika kama unga. Vumbi jeupe limemkaa kwenye nyusi.

Wanawake kumi na mmoja wanatwanga mawe ya dhahabu mahali hapa. Ni yeye peke yake aliyening'iniza simu ya mkononi shingoni, ameifunga kwenye kipande cha kanga na kuizima. Hapa machimboni, hata angeiwasha, isingeshika mtandao.

"Naizima ili chaji ifike Jumapili," anasema bila kuinua macho. "Kuna mtu mmoja tu wa kunipigia."

Mtu huyo ni Limi, binti yake wa pekee, mwenye umri wa miaka ishirini na mbili. Yuko Leicester, Uingereza.

Limi alipomaliza darasa la saba alipata kazi Kahama, kwa mjane mmoja mwenye duka la vitambaa, Mama Rehmat. Mwaka 1996 mama huyo alipooza upande mmoja wa mwili, na wanawe wanaoishi Uingereza wakaamua kumchukua. Alikataa kusafiri bila Limi. Januari 1997 wakaondoka pamoja, na ahadi ilikuwa miaka miwili.

Sasa ni Septemba 1999.

Barua zimekuwa zikija. Mageni, mwenye miaka arobaini na sita, hajui kusoma, hivyo humpelekea Donatus, katekista wa hapa Segese, ambaye humsomea taratibu na kurudia pale anapoombwa. Mageni anamshukuru, lakini anasema kuna kitu barua haikuwahi kumpa.

"Donatus ni mtu mwema, ila ana sauti ya mwanamume," anasema. "Mimi nilitaka ya Limi."

Segese haina simu ya mezani ambayo mtu wa kawaida anaweza kupigiwa. Lakini mwishoni mwa mwaka jana wanunuzi wa dhahabu walianza kupanda kilima cha mawe kilicho mwendo wa saa moja kutoka machimboni. Juu yake simu zao za mkononi zilikuwa zinashika mtandao, nao wakawa wanaulizana bei na wenzao wa Mwanza.

Mageni alimwomba mmoja wao, Marselino, amruhusu kupigiwa kwenye simu yake. Marselino alikubali bila kinyongo, na Donatus akaiandika namba hiyo kwenye barua. Jumapili Limi alipopiga, Marselino alikuwa Geita.

"Simu ya mtu huondoka na mwenyewe," anasema Mageni. "Nikaona lazima niwe na yangu."

Kwa debe moja la unga wa mawe hulipwa shilingi mia tatu, na siku njema humaliza madebe matatu. Wakati huo simu madukani ilikuwa haipungui laki mbili na nusu. Ndipo akasikia kwamba kijana mwenye duka la redio Shinyanga mjini, Irfan, anazo za elfu tisini.

Mageni alikuwa na mtamba mmoja, aliyepewa na kaka yake, Bujiku, baada ya kufiwa na mume. Alimuuza, akaongezea akiba yake, akapanda basi. Bujiku alipoonyeshwa kilichonunuliwa alikigeuza mkononi, akasema dada yake ameuza ng'ombe akanunua kiberiti. Hakumsemesha kwa mwezi mzima.

Irfan anakumbuka mauzo hayo, na hapendi kuyakumbuka. Anaeleza kwamba simu zile zililetwa na binamu yake kutoka Uingereza. Kampuni za huko humuuzia mteja simu kwa bei ya chini, lakini huifunga ili ikubali kadi ya kampuni hiyo tu. Ukiweka kadi ya kampuni nyingine, inadai namba ya siri.

"Nilimwambia wazi, Mama Limi, hii ni rahisi kwa sababu imefungwa," anasema Irfan. "Sikumficha. Ila nilimwambia pia kwamba fundi wa Mwanza ataifungua, na hilo sikuwa na hakika nalo."

Fundi huyo alikaa na simu siku tisa. Alijaribu namba tatu za kubahatisha, zote zikakataliwa, kisha akagundua kwamba simu hiyo humpa mtu nafasi tano tu. Ya tano ikikosewa, haifunguki tena. Aliirudisha akiomba radhi, hata nauli hakudai. Zilibaki nafasi mbili.

Mageni aliiweka simu sandukuni, chini ya nguo, akarudi kwenye kinu chake. Anasema wiki tatu zilipita bila kumtajia mtu yeyote habari ya simu.

Donatus ndiye aliyeliamsha jambo hilo. Siku moja alimuuliza simu yenyewe ilitoka wapi. Alipoambiwa Uingereza, akasema, "Mama Limi, kampuni iliyoifunga iko nchi moja na mtoto wako."

Chini ya betri kulikuwa na karatasi ndogo yenye tarakimu kumi na tano, namba ya simu hiyo peke yake kati ya simu zote duniani. Donatus aliinakili, akaikagua mara nne, wakaituma kwa barua mwezi wa tatu.

Kwa maelezo ya Limi, alikwenda kwenye duka la kampuni hiyo mara mbili na kurudishwa, kwa kuwa hakuwa mteja wao. Mara ya tatu alisindikizwa na Sameer, mtoto mkubwa wa Mama Rehmat, ambaye alilipia ada na kusaini. Walipewa namba ya siri yenye tarakimu nane. Barua ilifika Segese mwishoni mwa Mei.

Walipanda kilimani wote wawili, wakiwa na kadi mpya ya mtandao wa hapa nchini. Donatus alibonyeza tarakimu nane, moja baada ya nyingine. Simu ikakataa.

Ilibaki nafasi moja.

"Niliiweka juu ya jiwe, sikutaka kuigusa tena," anasema Donatus. "Nilihisi ni mimi niliyemnyima mtoto wake."

Walishuka. Machimboni wengine walisema Limi amedanganywa na wazungu. Wengine walisema ni Irfan aliyewauzia kopo.

Mageni ana mazoea ya tangu siku binti yake alipoondoka. Jioni, kabla jua halijazama, hutandika mkeka na kuzipanga barua zote kumi na tisa. Hawezi kuzisoma, lakini huzitazama. Anajua ipi ina doa la chai na ipi iliandikwa kwa haraka. Wiki moja baada ya siku ile ya kilimani, aliweka barua ya namba ya siri kando ya barua za mwanzo, akaona kitu. Asubuhi akazibeba mpaka kwa Donatus.

Alimwonyesha kwa kidole tarehe za mwaka 1997, mahali palipokuwa na alama yenye kistari kilichoikata katikati.

"Hiki kilikuwa na mkanda," alimwambia. "Siku hizi hakina. Ameuacha lini?"

Kilikuwa saba. Hapa kwetu wengi tulifundishwa kuikata saba kwa kistari, na Limi aliandika hivyo alipoondoka. Huko aliko ameizoea saba isiyo na kistari, kama wenyeji wanavyoiandika. Kwenye namba ya siri ilikuwemo saba ya namna hiyo, na Donatus alikuwa ameisoma kama moja.

Siku hiyohiyo walirudi kilimani. Donatus alibonyeza tarakimu saba za kwanza, akasita kwenye ya mwisho, akamuuliza kama aendelee. Mageni alimwambia abonyeze. Kioo kikazima kidogo, kikawaka, kikaandika jina la mtandao.

Donatus alipiga magoti palepale. Mageni anasema yeye hakufurahi mara moja.

"Nilikuwa nafikiria ule mkono wa kuandika. Kama mkono umebadilika na mimi sikujua, na sauti je?"

Donatus alimwandikia Limi namba ya kadi mpya. Limi alipiga Jumapili ya tatu ya Juni, Mageni akiwa kilimani, saa kumi jioni, kutoka kibanda cha simu mtaani. Alimsalimia kwa Kisukuma, "Mwadila, mayu," yaani habari za jioni, mama. Sauti ilikuwa ileile.

Wasukuma hatusalimiani kwa neno moja. Mageni aliitikia, akauliza hali, akauliza usingizi, akamuuliza hali ya Mama Rehmat na baridi ya huko. Limi akauliza habari za mjomba Bujiku, za mvua, za pamba, za ng'ombe. Kisha sarafu za Limi zikaisha na simu ikakatika.

"Tulikuwa bado kwenye salamu," anasema Mageni.

Wamezungumza mara sita tangu siku hiyo. Bujiku naye amepanda kilimani mara moja kumsalimia mpwa wake, na siku hizi haizungumzii tena habari ya kiberiti. Lakini lile swali la kurudi, Mageni hajaliuliza. Kila mara kuna habari nyingine inayotangulia, na anakiri kwamba nyingine huzitanguliza kwa makusudi.

Mama Rehmat hawezi tena kuinuka kitandani, na hali chakula isipokuwa kwa mkono wa Limi. Mageni anajua maana yake.

"Siwezi kuomba mama wa watu afe ili wangu arudi," anasema, huku akipangusa vumbi usoni. "Namwombea apate nguvu. Lakini na mimi nataka mtoto wangu. Yote mawili namwambia Mungu kwa wakati mmoja, sijui ananielewaje."

Anasema ameshaamua. Jumapili hii, Limi akisema mwadila, hataitikia kwanza. Ataanza na swali, na salamu zitafuata kama sarafu zitabaki.

Na jibu likiwa ni miaka mingine mingi?

Mageni anaweka kipande kingine cha mwamba juu ya jiwe.

"Basi nitakuwa najua ni mingapi," anasema. "Sasa hivi nangoja bila kuhesabu."